Mkono Mmoja wa Lamu: Maisha ya Muhamadi Kijuma, Mnakili wa Tungo

Kosa lililonipeleka kwa mtu huyu ni langu mwenyewe, basi nianze nalo. Katika mwaka wangu wa tatu nilitakiwa kuandika kurasa chache juu ya Utendi wa Liyongo. Niliandika, bila wasiwasi wowote, kwamba Fumo Liyongo ndiye aliyeutunga. Nilikuwa nimeyasoma hayo kwenye simu, nikayakuta tena mahali pa pili, nikaona mashahidi wawili wanatosha. Asistanti aliyesahihisha kazi yangu hakunikemea. Aliniuliza tu: ikiwa katika utendi huo Liyongo anachomwa kitovuni na mwanawe, anakwenda kufia kisimani akiwa amepiga goti na uta wake mkononi, ni nani basi aliyeandika habari za kifo chake? Nilikosa jibu. Niliporudi kuangalia vizuri nikagundua kwamba wale mashahidi wangu wawili walikuwa shahidi mmoja: wa pili alimnakili wa kwanza neno kwa neno, hata makosa ya tahajia aliyachukua.

Aliyeuandika utendi ule tunaousoma leo ni mtu wa Lamu, na hati zake za mwaka 1913 zipo. Jina lake ni Muhamadi bin Abubakar bin Omar, maarufu kwa jina la Kijuma. Wanaofundisha fasihi ya Kiswahili wanamtaja mara kwa mara, lakini kwa kawaida humtaja katika tanbihi. Nadhani anastahili kurasa chache za peke yake, hasa katika kitivo ambamo sote tunaishi kwa kunakili: tunanakili kozi, tunanakili TFC za waliotutangulia, tunapiga fotokopi ya fotokopi hadi herufi zinakuwa madoa.

Kijuma alizaliwa Lamu karibu mwaka 1855. Lamu ya wakati huo ilikuwa chini ya sultani wa Zanzibar na ilikuwa mji wa majahazi, wa nyumba za mawe, wa masharifu na wafanyabiashara, na pia wa watumwa waliolima mashamba ya bara. Ushairi haukuwa burudani ya watu wachache. Tendi zilisomwa kwa sauti mbele ya watu, nyimbo ziliimbwa katika ngoma za gungu, na watu wa mitaa miwili walipogombana walijibizana kwa mashairi. Mwaka 1858, Kijuma akiwa bado mtoto, Mwana Kupona alimtungia binti yake, Mwana Hashima, ule wasia unaojulikana hadi leo. Mwana Hashima aliishi mpaka mwaka 1933. Maana yake ni kwamba, kwa muda mwingi wa maisha ya Kijuma, mtu wa kwanza aliyeandikiwa utendi ule alikuwa anaishi mji uleule, na mwenye shaka angeweza kwenda kumwuliza.

Kijuma hakuwa mtu wa kazi moja. Alichonga mbao, na milango ya nakshi ilikuwa sehemu ya sifa yake. Alipiga kibangala, ala ya nyuzi, akajulikana katika ngoma na nyimbo. Alitunga mashairi, ikiwemo Siraji, wasia aliomwandikia mwanawe kama Mwana Kupona alivyomwandikia bintiye. Na zaidi ya yote alikuwa na mwandiko mzuri. Mkono ule uliozoea kupitisha patasi kwenye mbao ulipitisha kalamu kwenye karatasi kwa utaratibu uleule: mistari iliyonyooka, beti zilizopangwa, mapambo pembeni, mara nyingine wino wa rangi.

Hapa inafaa nisimame kidogo, kwa sababu sisi tuliozaliwa ndani ya herufi za Kilatini hatuoni haraka uzito wa kazi ya mnakili. Kijuma aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kiarabu hakina p, hakina ch, hakina v, na alama zake za vokali ni tatu tu, wakati Kiswahili kina vokali tano. Katika maandishi ya desturi, herufi ba iliweza kusimama kwa b, kwa p, na hata kwa mb. Neno moja lililoandikwa kwa ba na ta laweza kusomeka bata au pata. Alama ya u ndiyo hiyohiyo ya o. Msomaji asiyejua utungo hawezi kuusoma kwa uhakika. Ni lazima awe ameusikia, au ajue lahaja, au awe na mtu wa kumwuliza. Kwa hiyo mnakili wa Lamu hakuwa mashine ya fotokopi. Alikuwa kwanza msomaji aliyeamua kila neno ni neno gani, kisha ndipo akaliandika. Akikosea kuamua, anayenakili kutoka kwake anarithi uamuzi huo bila kujua kwamba kulikuwa na uamuzi.

Katika uhai wake mji ulipungua nguvu. Mwaka 1895 pwani iliwekwa chini ya utawala wa Waingereza. Mwaka 1896 ujenzi wa reli ulianza Mombasa, na ilipofika ziwani mwaka 1901 biashara ilikwisha kuhamia huko. Mwaka 1907 utumwa ulipigwa marufuku katika pwani ya Kenya, na mashamba ya mabwana wa Lamu yakapoteza mikono iliyoyalima bila malipo. Kukomeshwa huko kulikuwa haki. Lakini familia zilizokuwa na makasha ya hati ndizo zilizoanza kukosa pesa, na mafundi waliotegemea familia hizo walitafuta wateja wengine.

Wateja wengine walikuwa wameshaanza kufika. Mwishoni mwa karne ya 19 wamisionari Wajerumani wa Neukirchen walifungua kituo chao Lamu. Kijuma alifanya kazi nao na kuwafundisha Kiswahili. Uhusiano huo ulimgharimu. Katika baadhi ya hati alijiandika kwa jina la Masihii, na katika mji wa Kiislamu kama Lamu jambo hilo halikupita kimya. Watu wamebishana sana kama kweli aligeuka Mkristo, kwa kiasi gani, na kwa muda gani. Mimi siingii katika ubishi huo. Nasema tu kwamba mtu aliyekaa kati ya pande mbili, kila upande ukimtazama kwa jicho la pembeni, ndiye aliyepitisha fasihi ya upande mmoja kwenda upande mwingine.

Kabla ya vita vya kwanza vya dunia, Mwingereza Alice Werner alifika pwani hiyo kukusanya habari za lugha na fasihi. Alikutana na Kijuma. Werner baadaye alifundisha Kiswahili katika chuo cha London ambacho leo tunakiita SOAS, na kwa maandishi yake watu wa Ulaya waliijua Lamu kama mji wa washairi. Utendi wa Liyongo wa mwaka 1913 ni wa kipindi hicho.

Sasa tuutazame utendi huo, kwa sababu ndipo nilipoanguka. Kuna tabaka tatu ambazo ni rahisi kuzichanganya. Ya kwanza ni Liyongo mwenyewe, shujaa wa nchi za Pate na mto Tana, ambaye wataalamu wanampa karne tofautitofauti. Ya pili ni nyimbo na mashairi ambayo watu wa pwani wanasema ni ya Liyongo, pamoja na hadithi za mdomo. Askofu Edward Steere alichapisha hadithi ya Liyongo mwaka 1870, Kijuma akiwa kijana. Ya tatu ni utendi, yaani masimulizi marefu kwa beti za mizani minane, ulioandikwa na Kijuma. Mtu akisema tu kwamba Liyongo ni ushairi wa kale, amekwisha kuzibandika tabaka tatu pamoja. Hadithi ni ya kale. Utendi kwa umbo hili ni wa mtu aliyekufa mwaka 1945, aliyekuwa na wateja wa kigeni waliotaka mambo ya kale.

Hilo la mwisho ndilo linalonisumbua zaidi katika maisha yake. Mwanzoni nilitaka kumsifu Kijuma kama mlinzi wa urithi, basi. Lakini kadiri nilivyosoma nilimwona mtu mgumu zaidi. Katika miaka ya 1930 aliandikiana na William Hichens, aliyewahi kuwa ofisa wa serikali ya kikoloni Kenya na ambaye baadaye alikaa Uingereza akitayarisha vitabu vya ushairi wa Kiswahili. Hichens aliomba tungo. Kijuma aliandika, akatuma kwa posta, akalipwa. Barua zake zinahusu pia malipo, na kwa nini zisihusu? Alikuwa mzee anayeishi kwa kalamu. Ila hapa pana hatari ambayo kila mtafiti anapaswa kuijua: mteja akitaka sana kitu fulani, muuzaji anajifunza kumpa kitu hicho. Mteja wa Ulaya alipenda hati yenye kichwa cha habari, mapambo na jina la mtunzi. Kijuma akaandika hati zenye kichwa cha habari, mapambo na majina. Uzuri wa ukurasa unatufanya tuamini kilichomo, kama sisi tunavyoamini faili la PDF lenye nembo ya chuo juu yake.

Tena, Kijuma mshairi na Kijuma mnakili walitumia mkono mmoja. Alipoandika hadithi ya Nabii Yusufu kwa beti, je, alikuwa ananakili utungo aliourithi, au anautengeneza upya, au anautunga? Kwa hadithi hiyo zipo hati zaidi ya moja za mwandiko wake. Mohamed Abou Egl, aliyeandika tasnifu juu ya maisha na kazi za Kijuma katika chuo cha SOAS mwaka 1983, alimwona kama mtunzi zaidi kuliko wengi walivyodhani. Wengine wanasita. Katika desturi ya Lamu mpaka huo haukuwa mkali kama tunavyoudai sisi katika TFC. Mwenye kunakili aliruhusiwa kunyoosha ubeti uliopinda, kuongeza dua, kufupisha. Hakuwa mwizi, alikuwa mmoja katika mnyororo. Lakini anayesoma leo lazima ajue kwamba mnyororo upo.

Mlinganisho mmoja utasaidia. Huko Mombasa, miaka ya 1880, mmisionari W. E. Taylor alikusanya mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu mwaka 1840. Msaidizi wake mkubwa alikuwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890. Sikujua hakumpa Taylor beti peke yake. Alimweleza shairi lilitungwa kwa ugomvi gani, nani alikuwa anapigwa dongo, neno fulani lilikuwa na maana gani mjini. Bila maelezo hayo, diwani ya Muyaka iliyochapishwa na Hichens mwaka 1940 ingekuwa na mashairi mengi ambayo yangebaki mafumbo matupu. Sikujua aliacha habari juu ya habari. Kijuma kwa sehemu kubwa aliacha maandishi yenyewe, na mara nyingine jina lake na tarehe mwishoni. Ninamshukuru kwa jina na tarehe hizo kuliko kwa mapambo yote. Ndizo zilizowawezesha wasomi kutambua kwamba hati zilizofika London na zile zilizofika Ujerumani, zilizodhaniwa kuwa mashahidi mbalimbali, mara nyingi ni za mkono mmoja. Kosa langu la simu, kwa kiwango kikubwa zaidi.

Hati za Ujerumani zilipitia kwa Ernst Dammann. Alikuwa mmisionari mjini Tanga miaka ya 1930, na mwaka 1936 alikaa Lamu, Kijuma akiwa na umri wa miaka themanini hivi. Alisoma naye, akapata hati, na mwaka 1940 alichapisha Hamburg kitabu kikubwa cha tungo za lahaja ya Lamu. Kitabu hicho bado kinatumika. Dammann alikuwa pia mwanachama wa chama cha Nazi, na sioni sababu ya kulificha jambo hilo wala ya kulifanya liwe jibu la kila swali. Linatufundisha kuuliza nani alikusanya, kwa ajili ya nani, na alichagua nini. Kazi yake kwa upande wa lugha ilikuwa makini: aliiacha Kiamu iwe Kiamu.

Na hili si dogo. Msomaji wa Bukavu akifungua utungo wa Lamu anakutana na mato badala ya macho, ndia badala ya njia, yuu badala ya juu, ndaa badala ya njaa. Mara ya kwanza nilidhani ni makosa ya uchapaji. Zipo chapa ambazo wahariri waliyanyoosha maneno hayo yafanane na Kiswahili sanifu, kwa nia njema ya kumsaidia mwanafunzi. Mwanafunzi anasaidika, lakini anapoteza ushahidi wa mahali utungo ulikotoka, na wakati mwingine vina vinavunjika. Sisi tunapaswa kuelewa jambo hili upesi kuliko wengine. Kiswahili chetu cha Kivu nacho kimenyooshwa mara nyingi na watu wenye nia njema. Mwaka 1965, kule Elisabethville, André Yav aliandika historia ya mji wake kwa Kiswahili cha wafanyakazi wa nyumbani, na thamani ya kitabu chake iko katika Kiswahili hichohicho. Johannes Fabian alipokichapisha tena mwaka 1990 aliiacha lugha ya Yav kama ilivyokuwa.

Kwa upande wa Hichens, kitabu cha Mwana Kupona, alichokitayarisha pamoja na Werner, kilitoka mwaka 1934. Al-Inkishafi, ule utungo wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir juu ya kuanguka kwa Pate, kilitoka mwaka 1939. Vitabu hivi ndivyo vilivyoingia katika vyuo, vikatafsiriwa, vikafupishwa, vikaingia katika vitabu vya shule. Jina la mhariri liko kwenye jalada. Jina la mzee wa Lamu aliyekaa sakafuni kunakili hati kwa ajili yake, kama lipo, liko ndani. Sisemi Hichens alimwibia. Alimlipa na kumtaja. Nasema kwamba kila mara utungo unapohamishwa kutoka kitabu hadi kitabu, jina la kwanza kuanguka ni la mnakili, na likishaanguka hakuna anayejua tena kwamba kulikuwa na uamuzi juu ya bata na pata.

Kijuma alifariki mwaka 1945, akiwa na umri wa miaka tisini hivi. Karatasi zake hazikubaki mahali pamoja. Zile za Hichens ziko SOAS. Zile za Dammann zimo katika makusanyo ya Ujerumani, na Dammann mwenyewe alizitolea orodha iliyochapishwa mwaka 1993, karibu miaka sitini baada ya kukaa Lamu. Katika Afrika Mashariki, J. W. T. Allen alizunguka pwani miaka ya 1960 akikusanya hati na kanda za sauti kwa maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Orodha yake ilitoka Leiden mwaka 1970. Orodha ni kitabu kinachochosha kukisoma, nakubali. Lakini bila orodha, hati iliyomo kabatini ni sawa na hati iliyoliwa na mchwa. Mwaka 2010 Gudrun Miehe na Clarissa Vierke walichapisha kitabu kizima cha maandishi ya Kijuma kutoka katika makusanyo hayo, barua zake zikiwemo, na hapo ndipo mzee huyu alipoanza kuonekana kama mtu na si kama chanzo.

SOAS ilianza katika miaka ya 2000 kuorodhesha hati zake za Kiswahili na kuweka picha za baadhi yake kwenye intaneti. Kwa mwanafunzi wa Bukavu hiyo ni habari nzuri yenye masharti: umeme uwepo, vifurushi visiishe, na ukurasa mmoja wa picha usikae dakika kumi ukifunguka. Tulifungua tatu, sisi watu wanne, kwa simu moja, usiku. Ukubwa wa herufi za Kijuma ulitusaidia. Mwenzetu mmoja aliyesoma chuo cha Kurani utotoni ndiye aliyetusomea, sisi wengine tukimpelekea maneno tuliyoyajua kutoka katika chapa. Mahali pawili alisoma tofauti na chapa. Mahali pamoja ni yeye aliyekosea. Pa pili bado tunabishana, na tumeandika pembeni ya daftari masomo yote mawili, pamoja na namba ya hati na tarehe tuliyoiangalia.

Kazi yangu ya mwaka wa tatu niliisahihisha. Mahali pa jina la mtunzi sasa pana mistari minne.